Mwongozo kamili: kutembea ndani ya repo za GitHub bila kupotea, kwa viendelezi viwili na tokeni isiyo na mamlaka

Ujumbe ninaoupata ni ule ule. "Nimeweka kiendelezi cha kuonyesha mti wa mafaili, kimefanya kazi kidogo, sasa kinaniambia API rate limit exceeded." Yaani kiendelezi, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kimevuka kikomo cha maombi ya saa kwenye API, mlango ambao programu hupitia kuongea na GitHub. Mwingine anasema kwake hakionekani kabisa. Wa tatu huyo ndiye aliyenifanya nikae niandike: alinitumia picha ya skrini nimsaidie, na katikati ya picha tokeni yake yote, yaani ufunguo unaofanya kazi kama nywila, iko wazi, inayoanza na ghp_, ikiwa na mamlaka ya kuandika kwenye kila repo (hifadhi ya mafaili ya mradi) yake. Na picha hiyo hiyo alikuwa ameshaiweka kwenye kundi la WhatsApp.

Wengi hawakosei kusakinisha, kwa sababu kusakinisha ni kubofya mara mbili. Wanakosea mpangilio: wanajaza viendelezi vitano kabla ya kujua GitHub yenyewe inaweza nini, halafu kikomo kikiwabana wanatoa tokeni yenye kila ruhusa ili tu lile onyo liondoke. Fuata hatua kama zilivyopangwa hapa chini. Ukiwa na haraka unaweza kuruka hatua ya 8, ila ya 5 na ya 6 usiziguse kwa mkato.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kompyuta yenye Chrome, Edge au Firefox iliyosasishwa. Edge inakubali viendelezi vya duka la Chrome, kwa hiyo maelezo ni yale yale. Simu iache kwanza. Firefox ya Android inapokea viendelezi vingi tangu Desemba 2023, lakini mti wa mafaili kwenye skrini ya kiganjani unaziba msimbo wenyewe unaotaka kuusoma.

Akaunti ya GitHub yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kama bado hujauwasha, uwashe leo.

Programu ya kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePassXC. Tokeni utaonyeshwa mara moja tu, na daftari la mezani si mahali pake.

Repo ya mazoezi. Nitatumia django/django, repo ya Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, mwanzo hadi mwisho, nawe tumia hiyo hiyo ili ninachokiona nawe ukione. Ni kubwa vya kutosha kumpoteza mtu, iko wazi kwa wote, tena ina Kiswahili ndani yake: tafsiri ya maneno ya Django kwa lugha yetu imo kwenye faili `django/conf/locale/sw/LC_MESSAGES/django.po`. Tutalitafuta kwa njia tatu.

Kompyuta iwe yako. Usifanye haya kwenye intaneti kafe wala kwenye mashine ya maabara inayotumiwa na watu kumi kwa akaunti moja. Sababu utaiona hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Tumia kwanza vitufe vilivyomo ndani ya GitHub

Fungua github.com/django/django. Usibofye folda yoyote. Bonyeza herufi `t`.

Kisanduku cha kutafuta mafaili kinafunguka. Andika `authhashers` bila nafasi wala mkwaju, na `django/contrib/auth/hashers.py` litajitokeza. Utafutaji huu haudai uandike njia nzima. Unachukua herufi zako kwa mfuatano na kuzilinganisha na njia za mafaili yote. Sasa futa, andika `localeswdjango.po`. Utaona mafaili kadhaa ya Kiswahili, kwa sababu sehemu nyingine za Django, kama ile ya admin, nazo zina tafsiri zake. Chagua lile linaloanza na `django/conf`.

Kwa kubofya folda moja moja ungepita django, conf, locale, kisha orodha ndefu ya lugha mpaka ufike sw, huku kila ukurasa ukipakia upya na kula bando.

Ukishafungua faili, vipo vitufe vingine vya kuzoea:

`l` inakupeleka kwenye mstari kwa namba yake.

`w` inafungua orodha ya matawi (mikondo sambamba ya msimbo ule ule, mkuu huitwa main) na matoleo, ubadilishe bila kushika kipanya.

`b` inaonyesha kila mstari uliandikwa au kubadilishwa mara ya mwisho na nani, na lini.

`.` yaani nukta, inafungua repo nzima ndani ya github.dev, ambayo ni kihariri cha VS Code kwenye kivinjari. Ni kitu kizuri sana, ila ni kizito na kinataka uwe umeingia kwenye akaunti. Kwa mwenye bando la siku, ibonyeze kwa kusudi, isiwe bahati mbaya.

`y` ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Rudi kwenye `hashers.py`, tafuta darasa la `PBKDF2PasswordHasher`, uone mstari wa `iterations`, yaani mara ngapi nywila inasagwa kabla ya kuhifadhiwa. Namba hiyo hupandishwa toleo hadi toleo: Django 4.2 ilikuwa 600,000, 5.0 ikawa 720,000, 5.1 ikawa 870,000, na 5.2 ikafika 1,000,000. Ukimtumia mwenzako kiungo cha mstari huo kutoka tawi la main, akikifungua mwakani anaweza kukuta namba nyingine, au mistari imesogea na kiungo kinaangukia kwenye maelezo ya kitu kisichohusika. Bonyeza `y` kabla ya kunakili. Tazama upau wa anwani: neno main limeondoka, mahali pake pamekaa mfuatano wa herufi na tarakimu 40. Hiyo ni alama ya hali halisi ya repo kwa wakati huo, na haibadiliki.

Umefaulu ukiona: unafika kwenye faili la Kiswahili bila kubofya folda hata moja.

Isipokubali: mara nyingi kielekezi kimekaa ndani ya kisanduku cha maandishi, kwa hiyo GitHub inadhani unaandika. Bofya sehemu tupu ya ukurasa, jaribu tena. Bado? Nenda "Settings", kisha "Accessibility", uangalie kama "Character keys" imezimwa.

Watu wengine watagundua hapa kwamba hawahitaji kiendelezi chochote. GitHub yenyewe tangu 2023 ina mti wa mafaili upande wa kushoto ukishafungua faili, na ina paneli ya kuonyesha funksheni na madarasa yaliyomo ndani ya faili la lugha inayoitambua. Kama hayo yanakutosha, funga mwongozo huu uendelee na kazi zako. Mimi bado natumia kiendelezi kwa sababu nataka mti uwepo kila ukurasa, kuanzia ukurasa wa mbele wa repo, na ukae pale pale ninapohama.

## Hatua ya 2: Safisha vilivyopo

Kwenye Chrome andika `chrome://extensions` kwenye upau wa anwani. Kwenye Firefox ni `about:addons`. Hesabu viendelezi vinavyogusa GitHub.

Ukikuta viwili vya mti wa mafaili, kwa mfano Octotree na Gitako kwa pamoja, zima kimoja sasa hivi. Vyote viwili vitajichorea upau upande ule ule wa skrini, na vyote viwili vitaiomba GitHub orodha ile ile ya mafaili. Unalipa mara mbili kwa bidhaa moja, na kikomo nitakachokieleza hatua ya 5 kinaisha upesi zaidi.

Octotree ni ya zamani na ina wapenzi wake. Mimi nachagua Gitako kwa sababu moja: msimbo wake uko wazi, naweza kuusoma kabla ya kuuamini. Ukishazoea Octotree baki nayo, hatua za tokeni ni zile zile.

Ondoa pia vile usivyovikumbuka viliingiaje. Kiendelezi kilichokuwa kizuri mwaka jana kinaweza kubadilisha mmiliki bila wewe kuambiwa. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana cha kulaza vichupo, kiliuzwa 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwenye vivinjari vya watu kwa kuwa kilikuwa na msimbo hatari. Waliokuwa nacho hawakusakinisha kitu kipya, kilichomo kiligeuka.

## Hatua ya 3: Sakinisha, ukipitia mlango sahihi

Usiandike jina la kiendelezi kwenye duka na kubofya cha kwanza kinachotokea. Majina yanaigwa, na nembo ya paka inaigwa kirahisi.

1. Fungua github.com/EnixCoda/Gitako.
2. Kwenye maelezo ya repo tafuta kiungo cha duka la kivinjari chako, ukibofye kutoka hapo. Kwa njia hii mwenye msimbo ndiye anayekuonyesha duka lake.
3. Bofya kitufe cha kuongeza. Simama. Kivinjari kitakuonyesha dirisha la ruhusa. Lisome.

Dirisha hilo litaje github.com. Kiendelezi cha kusoma repo hakina kazi yoyote kwenye benki yako wala kwenye barua pepe yako. Kikiomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, bofya kukataa, uulize kwanza.

4. Ukikubali, rudi kwenye ukurasa wa Django uupakie upya. Hapa ndipo wanapokwama wale wa "kwangu hakionekani": kiendelezi hakiingii kwenye ukurasa uliokuwa umeshafunguka kabla yake.

Umefaulu ukiona: upau upande wa kushoto wenye folda za Django, django, docs, tests na nyinginezo. Bofya mshale wa folda ya django, kisha conf, kisha locale, kisha sw. Ukurasa mkuu hautikisiki mpaka uchague faili. Hiyo ndiyo njia ya pili ya kulifikia faili letu.

Njia ya tatu ni kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya mti. Andika `sw` uone jinsi orodha inavyojichuja. Kwa mtu asiyejua jina la faili anatafuta nini, mti unashinda kitufe cha `t`: unaona majirani wa faili, na majirani husema mengi kuliko jina.

## Hatua ya 4: Bana ruhusa

Kwenye `chrome://extensions` bofya "Details" chini ya kiendelezi, utafute sehemu ya "Site access". Ihakikishe inasoma github.com peke yake, au tovuti ulizotaja wewe. Kwenye Firefox fungua kiendelezi ndani ya `about:addons`, uangalie kichupo cha "Permissions".

Hapo hapo angalia kama kimeruhusiwa kufanya kazi kwenye dirisha la faragha. Zima. Dirisha la faragha ndilo utakalolitumia kupima mambo kukiwa na hitilafu, na halina maana kama limejaa viendelezi vile vile.

Ukitumia kompyuta moja kwa kazi na kwa mambo ya nyumbani, tengeneza wasifu wa pili wa kivinjari kwa ajili ya msimbo tu. Inachukua dakika mbili. Wasifu ule wenye viendelezi vya GitHub usiwe ndio unaoingilia benki.

## Hatua ya 5: Elewa kikomo kabla hakijakubana

Hapa ndipo barua nyingi zinapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ili kuchora mti, kiendelezi kinaiomba GitHub orodha ya mafaili kupitia API. Asiyejitambulisha anaruhusiwa maombi 60 kwa saa, na hesabu hiyo inawekwa kwenye anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti, haimtazami mtu. Chukulia bomba la mtaa lenye ndoo 60 kwa saa. Ukiamka saa nne ukakuta majirani wameshachota, ni juu yako.

Sasa fikiria majirani zako ni akina nani. Hosteli nzima iliyo nyuma ya ruta moja ina IP moja. Maabara ya chuo ina IP moja. Na kwenye data ya simu, mitandao mingi huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Unaweza kuwa hujafungua repo hata moja leo na kikomo chako kikawa sifuri. Niliwahi kuendesha somo la watu ishirini kwenye ruta moja. Niliwaambia wote wafungue Django kwa pamoja. Waliokaa mbele waliona mti. Waliokaa nyuma waliona kosa, wakadhani kompyuta zao ni mbovu.

Pima mwenyewe. Fungua kichupo kipya uandike:

`https://api.github.com/rate_limit`

Litatokea andishi lenye mabano mengi. Tafuta sehemu ya `core`, usome namba tatu:

`"limit": 60`

`"remaining": 12`

`"reset": ` ikifuatiwa na namba ndefu.

`limit` ni ndoo zote za saa hiyo. `remaining` ni zilizobaki. `reset` ni wakati bomba litakapofunguliwa tena, ukihesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Ibandike kwenye tovuti yoyote ya kubadilisha saa za Unix uone ni saa ngapi kwetu. Kufungua ukurasa huu hakupunguzi ndoo, pima utakavyo.

Usishangae kuona 60 ilhali umeingia kwenye akaunti yako ya GitHub kwenye kichupo cha pili. API haitambui kuingia kwako kwa kivinjari. Inatambua tokeni. Ndiyo maana ushauri wa "toka uingie tena" haujawahi kumsaidia mtu hapa.

Uamuzi: kama `remaining` yako huwa haishuki chini ya 30 hata ukifanya kazi siku nzima, huhitaji tokeni. Acha. Kama unaikuta sifuri mara kwa mara, endelea.

## Hatua ya 6: Tengeneza tokeni isiyo na mamlaka

Tokeni inapandisha kikomo kutoka 60 hadi 5,000 kwa saa, na hesabu inahama kutoka kwenye IP kuja kwako. Majirani hawakuhusu tena. Hesabu hiyo ni ya akaunti, kwa hiyo kutengeneza tokeni tatu hakukupi 15,000.

Tahadhari moja kabla ya kubofya chochote. Viendelezi vingi vina kitufe cha kukutengenezea tokeni, nacho hukupeleka kwenye ukurasa ambao tiki imeshawekwa kwenye `repo`. Tiki hiyo humruhusu mwenye tokeni kusoma na kuandika kwenye repo zako zote, za wazi na za siri. Kwa kusoma msimbo wa wazi huihitaji. Kitufe hicho kiache, tengeneza kwa mkono:

1. Bofya picha yako juu kulia, kisha "Settings".
2. Shuka mpaka chini kabisa ya menyu ya kushoto, "Developer settings".
3. "Personal access tokens", halafu chagua aina iliyoandikwa "classic".
4. "Generate new token", tena chagua ile ya "classic". Inaweza kukuomba nywila au namba ya uthibitisho.
5. Kwenye "Note" andika jina litakalokuambia kitu miezi mitatu baadaye: `gitako laptop ya nyumbani`. Jina kama `test` utalichukia siku ya kufuta.
6. Kwenye "Expiration" chagua siku 90.
7. Orodha ndefu ya visanduku inafuata. Usiweke tiki hata moja. Najua mkono unawasha. Tokeni isiyo na tiki inasoma vitu vilivyo wazi kwa umma, basi, na hicho ndicho tunachotaka.
8. Bofya "Generate token" chini kabisa.

Umefaulu ukiona: mfuatano wenye herufi 40, ukianza na `ghp_`. Uhifadhi kwenye programu yako ya nywila sasa hivi. Ukiondoka kwenye ukurasa huo hutauona tena. Itabidi utengeneze nyingine.

Kwa nini aina ya "classic" wakati GitHub ina aina mpya yenye ruhusa ndogo ndogo za kuchagua? Kwa sababu viendelezi vingi viliandikwa kwa kutegemea hii, na ikiwa tupu haina madhara makubwa. Aliye na repo za siri za kazini anayetaka kuzipitia kwa mti, huyo ndiye atumie aina mpya, achague repo moja moja na kuipa ruhusa ya kusoma tu. Amuulize kwanza msimamizi wake. Kuna ofisi ambazo kubandika tokeni ya repo zao kwenye kiendelezi cha nje ni kosa la kufukuzwa kazi.

## Hatua ya 7: Bandika, kisha uthibitishe

Fungua mipangilio ya Gitako kwa alama ya gia kwenye upau wake, utafute sehemu ya "Access Token". Bandika, hifadhi, pakia upya ukurasa wa Django.

Usitosheke na kuona mti umerudi. Huenda saa mpya imeanza tu. Thibitisha kwa kufungua terminali, dirisha la kuandika amri, na kuandika, ukiweka tokeni yako mahali pa TOKENI:

`curl -H "Authorization: Bearer TOKENI" https://api.github.com/rate_limit`

Umefaulu ukiona `"limit": 5000`. Ukiona 60, kichwa cha ombi (ile sehemu ya Authorization) hakikufika kama kilivyotakiwa, angalia alama za kunukuu. Ukiona "Bad credentials", tokeni imekatika wakati wa kunakili au ina nafasi tupu mwishoni.

Tokeni sasa inakaa kwenye hifadhi ya kiendelezi, ndani ya kivinjari hicho. Anayeweza kukaa kwenye kompyuta yako na kufungua wasifu huo anaweza kuisoma. Ndiyo sababu nilikataza mashine za watu wengi, na ndiyo sababu tumeitengeneza tupu: akiipata, amepata uwezo wa kusoma vitu ambavyo hata bila yeye viko wazi.

Na ukipiga picha ya skrini kuomba msaada, funga kwanza ukurasa wa mipangilio.

## Hatua ya 8: Refined GitHub, kwa kiasi

Hiki ni kiendelezi cha pili na cha mwisho ninachopendekeza. Kifuate kwa mlango ule ule: github.com/refined-github/refined-github, kisha kiungo cha duka. Kinaongeza mambo mengi madogo madogo, mengi kiasi kwamba baada ya wiki hujui lipi ni la GitHub na lipi ni lake. Mimi nakipenda kwa matatu.

La kwanza ni kupakua folda moja. Git ya kawaida inakutaka ushushe repo nzima, na kwa Django hilo si jambo la bando la mia tano. Kiendelezi kinaongeza kitufe kinachopeleka folda uliyomo kwenye tovuti ya download-directory.github.io, nawe unapokea zip ya folda hiyo tu. Jaribu kwenye folda ya sw. Tovuti hiyo nayo inakula ndoo za API.

La pili ni kitufe cha kurukia toleo la karibuni. Wanaojifunza wengi husoma tawi la main huku wamesakinisha toleo la zamani, halafu wanashangaa mfano haukubali kwenye kompyuta yao. Soma msimbo wa toleo ulilo nalo.

La tatu ni ukurasa wa 404. Ukifuata kiungo cha zamani cha faili lililohamishwa, GitHub hukuambia tu halipo. Refined GitHub inakwambia njia ilikatikia wapi: sehemu ya anwani isiyokuwepo inachorwa mstari juu yake, zilizo hai zinabaki kuwa viungo. Unarudi hatua moja, unatafuta kutoka pale.

Vingine vyote vipitie kwenye ukurasa wa mipangilio yake, uzime usivyovihitaji. Nacho kitakuomba tokeni. Mengi yanafanya kazi bila hiyo, na kwa yale yanayosoma tu ipe ile ile tupu au nyingine tupu. Kikikuambia kipengele fulani kinataka ruhusa zaidi, jiulize kama ulikuwa unakijua kipengele hicho kabla hujaambiwa.

## Ikikwama

Mti unaonyesha mzunguko wa kupakia usioisha kwenye repo kubwa. API hutoa mti mzima kwa mpigo mmoja hadi vitu 100,000 na MB 7. Ikizidi hapo inakatwa. Kernel ya Linux iko kwenye ukubwa huo. Kwa repo za namna hiyo zima mti, tumia `t`.

Kosa la 403 au 429. Kikomo. Rudi hatua ya 5, pima kabla ya kubadilisha kitu chochote.

Repo ya siri inasema haipo. Ndivyo inavyotakiwa. Tokeni tupu haioni repo za siri, na GitHub hujibu 404 kwa kitu usichoruhusiwa kukiona.

Vitufe vya Refined GitHub vimepotea ghafla. GitHub imebadilisha ukurasa wake na kiendelezi bado hakijafuata. Hutokea. Sasisha kiendelezi, ngoja siku mbili tatu.

Ukurasa mzima umeharibika. Fungua repo ile ile kwenye dirisha la faragha, lile tulilolifunga kwa viendelezi. Ikiwa nzuri kule, zima kiendelezi kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

## Ukiamua kuacha

Kuondoa kiendelezi hakuiui tokeni. Anza na tokeni: rudi kwenye ukurasa wa hatua ya 6, bofya "Delete" mbele ya jina lake, kisha ndiyo uondoe kiendelezi. Aliyeionyesha tokeni kwenye picha au kundi afute sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma chochote. Kufuta ujumbe wa WhatsApp hakurudishi kilichokwisha kuonwa.

Ukiwa kwenye ukurasa huo, tazama maandishi madogo mbele ya kila tokeni yanayosema ilitumika lini mara ya mwisho. Ile uliyoisahau tangu mwaka jana, futa. Na kama tokeni uliyoibandika wiki iliyopita bado inasoma "Never used", basi kiendelezi hakijawahi kuitumia: rudi hatua ya 7, uibandike upya, safari hii ukichunga isibaki nafasi tupu mwishoni.